Capstone, BSG au mchezo wa bia: upi unafaa kufundishia mkakati wa biashara shahada ya kwanza?

ChakiNaUbao (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kwenu. Muhula ujao nafundisha mkakati wa biashara kwa wanafunzi 70 na ushee wa mwaka wa tatu. Siku zote nimetegemea mihadhara na visa vya makampuni. Tatizo ni kwamba wanaichambua vizuri sana kampuni iliyokwisha kuanguka, lakini ukimpa mtu huyo huyo uamuzi ambao mwisho wake haujulikani, anaganda. Nimetenga wiki 8 kwa mchezo wa uigaji, yaani wanafunzi waendeshe kampuni ya kubuni na waone matokeo ya maamuzi yao. Mezani nimebaki na mitatu: Capstone ya kampuni ya Capsim, The Business Strategy Game (BSG) na ule mchezo wa bia wa chuo cha MIT cha Marekani. Aliyetumia zaidi ya mmoja anisaidie. Naomba ulinganisho, matangazo yao nimeshayasoma.

---

DaftariLaHesabu

Mkuu, nimefundisha kwa Capstone na BSG, yote miwili.

Capstone inahusu viwanda vya vihisi vya kielektroniki. Hadithi yake ni kwamba kampuni moja ilihodhi soko lote, ikagawanywa, hivyo kampuni sita (Andrews, Baldwin, Chester, Digby, Erie na Ferris) zinaanza zikiwa sawa kabisa. Soko lina makundi matano ya wateja, na kila raundi ni mwaka mmoja. Ninachokipenda ni kwamba wateja hawatulii. Kila mwaka wanataka kihisi kidogo zaidi na chenye uwezo zaidi, kwa hiyo kikundi kilichobana fedha za utafiti kinashuhudia bidhaa yake ikizeeka na kudoda ghalani.

Kuna mtego mmoja humo unaolipa muhula mzima. Ukiongeza mashine zinazojiendesha, gharama ya vibarua inashuka, lakini kuiboresha bidhaa kunachukua muda mrefu zaidi. Wanafunzi wanaotaka kuuza kwa bei ya chini na papo hapo kuwa wa kwanza kwa ubora wanakwama hapo. Ukiwaeleza kwa mhadhara wanaitikia kwa kichwa tu. Wakikwama wenyewe ndipo wanauliza.

BSG ni viatu vya michezo, kanda nne za dunia, na kampuni wanaipokea ikiwa tayari mwaka wa 11. Humo utakutana na ushuru, mabadiliko ya thamani za sarafu, na swali la kiwanda kikae kanda ipi. Alama zinatoka kwenye vipimo vitano: faida kwa kila hisa, faida juu ya mtaji wa wenye hisa, bei ya hisa, daraja la ukopaji na sifa ya kampuni. Kama somo lako linaegemea biashara ya kimataifa, hii inaishinda Capstone. Ila skrini inawaonyesha makadirio ya matokeo kila wanapobadili namba, na vikundi vivivu huishia kusugua namba mpaka makadirio yapande, bila kujiuliza washindani watafanya nini. Halafu matokeo yanatoka, wanalalamika mfumo umewaonea.

---

KeteNaKaratasi

Mchezo wa bia usiuweke mzani mmoja na hiyo mingine. Huo ni wa kipindi kimoja, tena hauhitaji hata intaneti. Ulizaliwa MIT kwenye kundi la profesa Jay Forrester miaka ya 1960, na mpaka leo unachezeka kwa ubao, kete na karatasi.

Kwa wasioujua: kuna muuzaji rejareja, muuzaji jumla, msambazaji na kiwanda. Kwa kawaida kila mmoja anaanza na makreti 12 ghalani. Hawaruhusiwi kuongea, kinachopita kati yao ni karatasi ya oda tu, na mzigo unachukua wiki kadhaa kufika. Kreti likilala ghalani linakugharimu nusu dola kwa wiki, na deni la kreti moja kwa mteja ni dola nzima. Mteja wa mwisho anaagiza makreti 4 kila wiki, kisha wiki ya tano anapanda hadi 8 na kubaki hapo hapo mpaka mwisho. Basi, hakuna kingine kinachobadilika.

Utashangaa. Muuzaji rejareja anaishiwa, anaongeza oda. Wa jumla anaona oda imepanda, anaongeza zaidi kujihami. Ikifika kiwandani imekuwa mafuriko, na mzigo wote unawasili wakati hakuna anayeutaka tena. Mchezo ukiisha, mwambie aliyekuwa kiwanda achore anachodhani mteja alikuwa anaagiza. Atakuchorea milima na mabonde. Kisha onyesha mstari halisi: 4, halafu 8, tambarare. Darasa linakuwa kimya kabisa, maana wote walikuwa wanamlaumu mteja.

John Sterman, profesa wa MIT, alichambua mwenendo huo kwenye makala ya 1989, na kiini chake ni kwamba wachezaji wanaisahau mizigo iliyo njiani, wanaagiza kana kwamba haipo. Uchezeshe wiki ya kwanza. Darasa likishajua siri, mchezo haurudiwi.

---

MdandiajiMstaafu

Mimi nilikuwa upande wa pili, mwanafunzi. Nikiri dhambi: kikundi chetu kilikuwa na watu watano na Excel moja, na Excel hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Sisi wanne tulikuwa tunauliza "umeshatuma?" Tulimaliza wa pili.

Na niwape siri walimu. Raundi ya mwisho tulifuta utafiti wote, tukakata matangazo na tukauza kilichokuwepo. Faida ikaruka, alama nazo zikaruka. Kampuni ingekufa mwaka unaofuata, lakini mwaka unaofuata haukuwepo.

---

DaftariLaHesabu

Kwa kudandia, Capsim wana Comp-XM, mtihani ambao kila mwanafunzi anaendesha kampuni peke yake dhidi ya kampuni za kompyuta. Mdandiaji anaonekana mapema sana 😅

---

NahodhaWaRaundi

Aliyosema Mdandiaji ndiyo mada yenyewe. ChakiNaUbao, unauliza mchezo upi, mimi nakuuliza utasahihisha nini. Ukitoa alama kwa nafasi waliyoshika, watajifunza kushika nafasi, na raundi ya mwisho kila kampuni itachinjwa na wenye nayo. Nilijifunza hilo kwa aibu: mwaka wangu wa kwanza kikundi bora kilishindwa kunieleza mkakati wake kwa sentensi tatu.

Sasa nafasi naipa asilimia 20 tu. Sehemu kubwa inakwenda kwenye karatasi ya ukurasa mmoja ambayo kila kikundi kinaikabidhi kabla ya kutuma maamuzi: tunatarajia kuuza kiasi gani, tunadhani mshindani fulani atafanya nini, na tukiona kitu gani tutabadili njia. Matokeo yakitoka, wanaandika walipokosea na kwa nini. Hata aliyekula hasara anaweza kupata alama za juu kama anajua alikosea wapi.

Karatasi hizo ndizo zinazofundisha. Kuna raundi vikundi vitatu viliandika, bila kujuana, kwamba vitashusha bei kwa sababu "wengine hawatathubutu". Nikazisoma zote tatu mbele ya darasa, neno kwa neno. Sikuhitaji kuongeza chochote kuhusu vita vya bei.

La pili, usiwaambie raundi ipi ndiyo ya mwisho kweli. Capstone inafika hadi nane. Ratiba iandike nane, wewe simamisha ya sita au ya saba bila taarifa. Nao wajulishwe tangu siku ya kwanza kwamba inaweza kukatishwa wakati wowote, asije mtu kukata rufaa.

La tatu, raundi mbili za majaribio, kisha futa muanze upya. Bila hivyo kuna kikundi kitakata mtaji mwaka wa kwanza kwa kukosea kuandika namba, na wiki zote zilizobaki kitakuwa kinalipa mkopo wa dharura. Hao huwezi kuwafundisha tena, wamekata tamaa.

---

MzeeWaVisa

Mimi bado siamini. Ulimwengu wa mchezo una kanuni zilizofichwa ndani ya programu, na anayeshinda ni aliyezigundua. Mtandaoni kuna majibu tele ya raundi kwa raundi. Huo si mkakati, ni kupiga ramli mpaka ipatie.

---

NahodhaWaRaundi

Mzee, hoja yako ina uzito, hasa wanapocheza dhidi ya kompyuta. Wakicheza wao kwa wao, majibu ya mtandaoni yanaharibika haraka, maana mpinzani naye kayasoma. Ila sikubishii kabisa: sekta zinazopewa kwenye michezo hii zimekwisha kuchorwa mipaka, wakati biashara nyingi hufa kwa kitu kilichotoka nje ya mipaka hiyo. Hapo visa vyako vinahitajika, na mimi sijaviacha.

---

KeteNaKaratasi

Na kwa asiye na bajeti, MIT Sloan (shule ya biashara ya MIT) wameweka michezo yao kadhaa mtandaoni bure. Platform Wars ni vita vya mashine za kuchezea gemu za video: unashusha bei upate watumiaji wengi, au unawavutia watengenezaji wa gemu kwanza? Ni kipindi kimoja au viwili, na inafundisha nguvu ya mtandao wa watumiaji (wakiongezeka, bidhaa inazidi kuvutia wengine), kitu ambacho Capstone haikigusi.

---

ChakiNaUbao

Asanteni sana. Nimeamua hivi: mchezo wa bia wiki ya kwanza, kisha Capstone, soko mbili zenye kampuni sita kila moja, watu sita kwa kampuni. Karatasi ya utabiri nimeichukua kama ilivyo. Platform Wars nitaibana katikati ikiwezekana. Swali la mwisho: vikundi nipange mimi au wachaguane?

---

MdandiajiMstaafu

Panga wewe. Ukiwaachia, mafundi wa Excel wote watajikuta Andrews, na Ferris itakuwa ya waliochelewa kipindi.