Mjadala: Je, zuio la magari la mwaka 2020 lilithibitisha kwamba magari ndiyo yanayochafua hewa ya Kampala?

Mleta mada:
Ndugu wasomaji, kila yanapozuka mazungumzo juu ya moshi wa Kampala husemwa kwamba mwishoni mwa Machi 2020, Serikali ya Uganda ilipozuia usafiri wa umma na siku chache baadaye magari binafsi ili kudhibiti korona, hewa ilisafika, na kwa hiyo dawa ni kuyaondoa magari katikati ya jiji. Naunga mkono kupunguza magari, ila ushahidi huo umesomwa nusu. Machi hadi Mei ni majira ya mvua Kampala, na mvua huosha chembechembe zilizo hewani na kutuliza vumbi la barabara zisizo na lami, magari yawepo yasiwepo. Anayelinganisha Aprili na Februari ya mwaka huohuo anapima mvua na zuio kwa pamoja. Angelinganisha na Aprili za miaka mingine.

Isitoshe, uchafu wa hewa ni wa aina nyingi. Naitrojeni dioksaidi, ambayo mijini hutoka zaidi kwenye injini, hudumu hewani saa chache tu, hivyo magari yakisimama hupungua upesi; ndivyo setilaiti zilivyoonyesha China baada ya Wuhan kufungwa tarehe 23 Januari 2020. Chembechembe laini za PM2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, huweza kukaa siku kadhaa na kupeperushwa kutoka mbali: Februari ileile Beijing iligubikwa na ukungu mzito wa moshi ilhali magari yalikuwa machache barabarani. Kwetu hutoka pia kwenye mkaa, kuni na taka zinazochomwa, na familia zilizofungiwa nyumbani hazikuacha kupika.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, nimekuelewa kuhusu mvua, lakini nahofia hoja yako itakumbatiwa na wale wasiotaka kufanya lolote. Dereva wa bodaboda, askari wa trafiki na mama anayeuza ndizi kando ya barabara hawavuti wastani wa jiji zima. Wanavuta moshi wa bomba lililo karibu na nyuso zao, na huo ndio uliotoweka magari yalipozuiwa. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari makuukuu yenye umri wa miaka 15 na zaidi bila kungoja kila kipimo kikamilike. Kwa nini sasa tungoje?

Mleta mada:
Hoja ya kandokando ya barabara naipokea kwa moyo wote, na ndiyo inayonifanya nitake vipimo vya kudumu vya gesi palepale penye foleni, kwa kuwa vile vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, vilivyotapakaa jijini, kazi yake kubwa ni kupima chembechembe. Ila sheria ya 2018 iliyagusa magari yanayoingia. Yaliyokwisha kuingia yanaendelea kufuka. Zuio la 2020 nalo lilimnyima dereva wa taksi riziki yake, jambo ambalo sera ya kudumu haiwezi kuliiga. Mimi napendekeza ukaguzi wa lazima wa moshi kwa magari yaliyopo. Swali langu kwako, na kwa wengine watakaochangia: gharama za ukaguzi huo azibebe mwenye taksi anayeishi kwa kipato cha siku, au Serikali inayotoza kodi kwenye mafuta anayoyanunua?