Forever ya Judy Blume: siriz mpya bado ni hadithi ileile?

msomaji_wa_usiku: Wadau, nimemaliza kusoma Forever, kile kitabu cha 1975, halafu nikaangalia siriz ya Netflix ya 2025. Kitabuni ni Katherine na Michael wa New Jersey, kwenye siriz ni Keisha na Justin, vijana weusi wa Los Angeles mwaka 2018. Sasa hii ni hadithi ileile kweli?

dada_wa_riwaya: Ni ileile mpendwa. Kote wanakutana kwenye pati ya mwaka mpya, kote penzi la kwanza linauma. Ila Mara Brock Akil, mtunzi wa siriz, kaingiza simu na hapo ndo penyewe, maana Keisha akimbloki Justin unamwona mtoto wa watu kashika simu tu anasubiri, mimi nililia.

kaka_mkubwa: Mi namkumbuka bibi yake Katherine, yule aliyemtumia mjukuu vipeperushi vya uzazi wa mpango kwa posta! Kwenye siriz hofu ni nyingine kabisa, video ya faragha inasambaa, mama yake Justin anamchunga mwanae kila saa. Nimeikubali.

msomaji_wa_usiku: Asanteni, wikendi narudia epizodi zote 8.