Naombeni ushauri, vitabu na komiki za fantasia za kuazimana na marafiki

Habari zenu wapendwa, mimi niko Mikindani hapa Mtwara. Tuko marafiki sita tunaazimana vitabu, kilichotukoleza ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ile ya 2011, binti Sunny yuko Nigeria anagundua ana nguvu za uchawi, yaani kimezunguka mpaka jalada linashikiliwa na selotepu na kuna kurasa zina doa la maji ya bibo, halitoki hata ufanyeje. Nakipenda kweli, maana uchawi wake ni wa kwetu Afrika.

Sasa kimeisha na kila mtu ananiuliza mimi tusome nini, nakwama. Wawili wanataka komiki, nikawapa ya Kijapani, mmoja akaianzia kushoto akaniambia haieleweki, kumbe zile zinasomwa kutoka kulia jamani.

Naombeni mnitajie zenye majini, bahari, mizimu, umri wa miaka 14 mpaka 18 hivi, na zikiwepo za Kiswahili nitashukuru sana sababu wengine kingereza kinawachosha. Pia mnaoagiza Dar mnatumaje, kwa basi? Nakala za wizi sitaki, tutachanga.