Mchele ni wa Kyela kweli lakini mteja haamini, jina nalipataje?

Binti_Uyole
Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, mwaka wa tatu huu nanunua mpunga Kyela nakoboa napeleka Dar kwa wenye maduka. Shida yangu siyo bei wala usafiri, ni jina. Juzi nimepeleka mzigo, mpunga nimeuchukua mwenyewe kwa wakulima, mashineni nimesimama mpaka gunia la mwisho linashonwa, nafika kwa mama mmoja mwenye duka hata sampo hajaigusa ananiambia nyie wote mnasema Kyela, mchele ukitoka popote ni Kyela. Kumbe mwaka jana kuna mtu alimuuzia magunia juu mchele unanukia, chini kitu kingine kabisa, wateja wakamrudishia dukani na maneno juu. Huyo mtu simjui na sijawahi kumwona, ila aibu yake naibeba mimi. Ikabidi nimwachie mali kauli ili auze ndo anilipe, mpaka leo naifuatilia hela yangu. Naomba mnieleze kwa mnaojua, hili jina la Kyela lilifikaje huko lilikofika, na mtu mdogo kama mimi anapataje jina lake asisimame kwenye kivuli cha waliochakachua?

Mzee_Ipinda
Marahaba mwanangu. Nimezaliwa huku huku Ipinda, mpunga ndo umetusomesha. Nikuambie, hakuna aliyekaa akalitangaza hili jina. Kyela ni bondeni kwenye Ziwa Nyasa, joto lipo, mvua ipo, mito inashuka na udongo kutoka milima ya Rungwe, na mbegu zetu za zamani zinatoa kidogo lakini zina harufu. Basi. Zamani ukienda kumwona ndugu yako Dar au Moro huendi mikono mitupu, unabeba kilo kumi za mchele kwenye begi, shemeji anapika, jirani anasikia harufu anauliza leo kwenu kuna nini. Jina lilitembea hivyo, sufuria kwa sufuria, miaka na miaka.

Sasa jina likishakuwa na bei kila mtu analitaka. Mchele wa Mbarali ni mchele mzuri tu, kule Usangu wanamwagilia na wengi wanalima mbegu ya saro 5 kwa sababu inazaa sana, mkulima ana haki ya kulima kinachomlipa. Ubaya unaanza pale saro inapobadilishwa jina njiani. Ila nisiwasingizie wafanyabiashara peke yao, na sisi wakulima tumo. Kuna anayeuza mpunga ungali shambani kwa sababu ya shida ya ada, akishakula hela anavuna haraka haujakomaa vizuri. Kuna anayeanika chini kwenye vumbi, mwingine anauacha juani mpaka unapasuka ukifika mashineni unatoka chenga tupu. Mbegu nazo tunachanganya, msimu huu unapanda ulichoazima kwa jirani bila kujua ni nini. Hilo linaniuma sana kwa kweli, maana aliyelijenga hili jina ni mama zetu walioinama kwenye maji, wengi wameshatangulia.

DukaLaMtaani
Dada mimi niko Dar nauza mchele rejareja mwaka wa kumi na moja, ngoja nikupe upande wetu. Huyo mama usimlaumu. Mteja wangu akinunua kilo mbili ukaiva bokoboko au haunuki hamtafuti aliyeleta, ananitafuta mimi, na hanirudishii mchele, anahama duka kimya kimya. Ndo maana tunakuwa wakali.

Kilichonifanya nimwamini mtu ninayechukua kwake Mbeya siyo mzigo wa kwanza, wa kwanza kila mtu analeta mzuri. Ni wa pili na wa tatu kufanana na wa kwanza. Halafu siku moja alinipigia lori liko njiani akaniambia kaka magunia sita mchele wake umekatika sana, mashine ilisumbua, usiyapokee kwa bei ile. Yaani angenyamaza ningegundua baada ya wiki. Tangu siku hiyo akinipigia hata sijaona mzigo natuma hela, hakuna mali kauli kati yetu. Kwa hiyo ukifika kwa mtu mwambie achome bambo mwenyewe, kile chuma cha kutolea sampo kwenye gunia, juu, katikati na chini, gunia analochagua yeye. Andika namba yako ya simu kwenye gunia. Na sema ni mpya au wa msimu uliopita, maana mpya unanukia zaidi ila unataka maji kidogo, wa zamani unachambuka na kuvimba ila harufu inapungua, watu wa ubwabwa wa shughuli wanautafuta huo huo wa zamani. Mteja akiwekewa maji kama ya wa zamani kwenye mpya lazima ushikane, na lawama unapewa wewe.

Mpawaga
Kamwene. Mimi wa Iringa naongezea kitu, maana jina halikai kwenye mchele tu, linakaa mpaka kwenye watu. Sisi tuna jina kwamba wasichana wetu ni wapole na wachapakazi, watu wanapiga simu kabisa nitafutie dada wa kazi wa Iringa. Linasikika kama sifa. Lakini nimeona binti anatolewa kijijini ana miaka 13 kwa sababu ya hiyo sifa, na akifika huko akisema amechoka anaambiwa mbona nyie hamchokagi. Kwa hiyo dada, ukipata jina angalia linakufanyia nini, lingine linakubana.

ZambarauNyeupe
Mnakumbuka timu ya Mbeya City msimu wa 2013/14? Ndo wamepanda ligi kuu wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, uwanja wa Sokoine unajaa hadi raha, nchi nzima inawajua. 2023 wakashuka. Kulipata jina ni msimu mmoja, kazi ni hiyo misimu inayofuata.

Binti_Uyole
Ndaga fijo baba yangu wa Ipinda, na kaka wa duka asante sana, hilo la magunia sita limeniingia. Niseme ukweli, mwaka jana na mimi Kyela mpunga ulinipungukia nikajazia wa Mbarali magunia manne, nikauza yote kwa jina moja. Hakuna aliyelalamika ila nilijua. Msimu huu nayatenga, ya Mbarali naandika Mbarali na bei yake. Nimempigia yule mama leo asubuhi nikamwambia atafute bambo achome gunia lolote kati ya yaliyobaki, akikuta tofauti asinilipe hata shilingi. Kanyamaza kidogo, akaniuliza una mengine mangapi huko Uyole.