Tupeane uzoefu: Mlezi uko peke yako, watoto wa rika zote, unawatoaje nje?

Mwanzisha mada

Habari zenu walezi wenzangu. Nalea watoto sita nyumbani kwangu, sina msaidizi. Mmoja ana miezi 7, mmoja mwaka na nusu, wawili miaka 3, wawili miaka 4. Uwanja ninao, mdogo lakini una uzio. Tatizo ni muda. Huyu wa miezi 7 analala saa 3:30 hadi saa 5:00 asubuhi, ndiyo saa ambayo wakubwa damu inawachemka na hewa bado ni nzuri. Nikibaki ndani kwa ajili yake, saa 4:30 wameshapanda makochi, wameshasukumana, na mimi nimeshapaza sauti. Akiamka jua limekuwa kali, halafu chakula, halafu usingizi wa mchana. Siku inaisha wametoka dakika 20.

Juzi mtoto mmoja alimwambia baba yake mlangoni, "Leo hatujatoka tena." Hiyo "tena" imenikaa moyoni. Naomba kila mtu aeleze anavyofanya kwake hasa.

Mlezi, mwaka wa 11 katika kazi hii

Pole dada. Mimi nilihangaika hivyo miaka miwili mizima, na kilichonitoa ni kuupindua mpangilio wa asubuhi. Kwangu sasa watoto wakifika viatu havivuliwi. Wanaletwa kati ya saa 1:15 na saa 1:45, mikoba inawekwa, anayehitaji choo anakwenda, tunatoka. Tunakaa nje mpaka saa 3:00. Mdogo kabisa yuko nami kwenye mkeka kivulini, hajachoka bado. Tukiingia tunanawa, yeye analala, na wakubwa ndipo wanakaa na vitabu na rangi. Zamani nilikuwa nafanya kinyume: nawaomba watulie wakati miguu yao haijakimbia hata hatua kumi, kisha nawalaumu kwa kutotulia.

Kusogeza usingizi wa mtoto kulichukua wiki mbili, dakika 10 kila baada ya siku mbili. Nilianza kwa kuongea na mama yake, kwa sababu mtoto akilazwa saa nyingine mwisho wa wiki, Jumatatu unaanza upya. Nilimwandikia saa zake za kulala na kuamka kwa wiki nzima, akaona mwenyewe kwamba mtoto hapungukiwi usingizi.

Faida nyingine ni jua. Mionzi yake inakuwa mikali zaidi kuanzia kama saa 4:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo wetu inaisha kabla. Wa chini ya miezi 6 namweka kivulini tu na nguo nyepesi ndefu. Simpaki mafuta ya kukinga jua bila daktari kusema.

Mlezi wa watoto watano

Mimi wangu analala hukohuko nje, ndani ya kigari chake, chini ya mti. Ila nawaeleza kosa nililofanya ili lisirudiwe. Siku za mwanzo nilikifunika kigari kwa shuka jepesi, nikiamini namkinga na jua na wadudu. Baada ya nusu saa niliingiza mkono, nikakuta ndani kuna joto kama chumba kisicho na dirisha, mgongo wa mtoto umelowa jasho. Shuka hata likiwa jepesi linazuia hewa kupita. Niliogopa sana siku ile. Sasa sifuniki kabisa. Nakisogeza kigari kadiri kivuli kinavyohama, nakaa ninapouona uso wake, na kila baada ya dakika chache namgusa shingoni kwa nyuma nione kama amepata joto. Na kama si siku ya kulala nje, kwa joto au kwa baridi, hatulazimishi.

Mwanzisha mada

Asante sana. Swali la kweli: kuna anayemwacha analala ndani, akatoka na wakubwa huku anamsikiliza kwa kile chombo cha kusikilizia mtoto?

Mlezi mwingine

Nilifanya hivyo kwa muda, nikaacha. Chombo kinakuambia mtoto analia, lakini mwili wako ni mmoja. Siku moja kililia, nikaenda mpaka mlangoni kuchungulia, sekunde chache tu, nyuma yangu wa miaka 3 akaanguka kutoka kwenye ngazi ya bembea. Hakuumia zaidi ya mchubuko. Nilipomkabidhi kwa mama yake jioni nilimweleza yote, pamoja na kwamba sikuwa nimemtazama wakati anaanguka. Tangu siku ile kanuni yangu ni moja: tunatoka wote au hatutoki. Pia angalia masharti ya kibali chako cha kulea, kwa sababu mengi yanataka watoto wote wawe mahali unapowaona na kuwasikia.

Nalea ghorofani, sina uwanja

Nyinyi wenye uwanja mshukuru. Mimi nina kibaraza na ngazi, eneo la wazi liko mwendo wa dakika 10 kwa miguu ya mtu mzima, 25 kwa miguu ya mtoto wa miaka 2. Kwa muda mrefu nilihesabu safari kama usumbufu wa kufikia mchezo. Nilipoacha kuharakisha ndipo mambo yalipobadilika. Wanakanyaga ukingo wa njia, wanaruka nyufa, wanasimama kuangalia siafu. Huo nao ni mchezo.

Natumia kamba ndefu yenye vishikio, kila mtoto na chake, wa miaka 4 mmoja mbele na mwingine nyuma. Nawahesabu mlangoni, chini ya ngazi, kila tunapovuka, tukifika, na kabla ya kuondoka. Nahesabu kwa sauti na wao wanahesabu pamoja nami. Wa miaka 4 ameshajua kwamba tukiishia kwenye nne kuna mtu hayupo.

Kuvaa viatu tu kulikuwa kunanila dakika 20. Sasa tunaanza na anayejivika mwenyewe, kisha anamsaidia mdogo, nami namalizia na wa nepi. Ukimvika mdogo kwanza atavua wakati unamvika wa mwisho.

Mlezi, watoto wengi chini ya miaka 2

Kwangu shida ni midomo. Wa mwaka na nusu anakula kila kitu: mawe, majani, chaki. Kila asubuhi kabla hawajafika nazunguka uwanja nimeinama kwa urefu wa mtoto, maana ukisimama huoni anachokiona yeye. Pembeni mwa uzio niliwahi kukuta mche wa mbarika umejiotea wenyewe, na mbegu zake zina sumu kali. Niling'oa siku hiyohiyo.

Sanduku la mchanga nalifunika kila jioni, paka wasiligeuze choo. Beseni la maji wanalipenda kuliko kitu chochote, lakini nakaa karibu kiasi cha kuwagusa, na tukimaliza linamwagwa palepale. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5. Nguo zenye kamba shingoni hazipandi bembea wala mtelezo. Na mtelezo wa bati naugusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiniunguza mimi, wao hawapandi.

Mzazi

Samahani kuingia kwenye mazungumzo ya walezi. Mwanangu analelewa nyumbani kwa mtu, na mimi ndiye mzazi niliyekuwa nikisema asitolewe akiwa na mafua kidogo, asichafuke. Mlezi wake hakubishana nami. Aliniomba nguo mbili kuukuu na viatu vya mpira, vibaki kwake. Kumbe kilichokuwa kikinisumbua ni kufua.

Pia macho yangu yana shida ya kuona mbali tangu utotoni, kwa hiyo nilifuatilia habari za utafiti wa Guangzhou, China, uliotangazwa mwaka 2015. Watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo hilo walikuwa kama 30 kati ya 100, na kwa wenzao wasioongezewa walikuwa kama 40. Hao ni wakubwa kuliko watoto wenu, lakini kwangu ilitosha kuacha kumfungia ndani.

Mlezi, mwaka wa 11 katika kazi hii

Asante mzazi, umesema jambo ambalo walezi wengi hawathubutu kuwaambia wazazi.

Mwanzisha mada, usijihukumu kwa siku moja mbaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kwa siku, na kwa wa miaka 3 na 4, 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho. Zinagawanywa siku nzima, na za ndani zinahesabika. Siku ya mvua kubwa mimi nasukuma makochi ukutani, natandaza magodoro, wanabingirika. Mvua ndogo isiyo na radi tunatoka. Huyo wako wa miezi 7 anahitaji sakafu: alale kifudifudi, ajisukume, asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa moja mfululizo.

Mwanzisha mada (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha. Viatu havivuliwi. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, mdogo alilia saa 2:30 siku nne mfululizo na nilikaribia kukata tamaa. Sasa analala saa 3:10 na wenzake wameshatoka dakika 75. Sauti yangu imeshuka, hata mume wangu ameliona hilo.

Jioni bado inanishinda. Wazazi wanaanza kuja saa 10:30, na kila geti likifunguka mchezo unavunjika, waliobaki wananing'inia getini wakilia.

Nalea ghorofani, sina uwanja

Jaribu kuwapa kazi ya nje, si mchezo: kumwagilia miche, kukusanya vikombe vya mchanga, kufagia. Wangu anayebaki wa mwisho ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la vifaa. Sasa mama yake akifika anaambiwa asubiri.