Promota rudisha 700 zetu, bango lilisema tekno tukapewa bathdei ya mtu

Wasee poleni, hii itakuwa ndefu. Nimejaribu kulala tangu juzi nimeshindwa, na kwa grupu la WhatsApp siwezi kusema juu nilitolewa Jumapili saa tatu asubuhi kabla hata sijamaliza kutaipu. Kwa hivyo nasema hapa.

Wale mlikuwa kwa ile pati ya tekno pale kando ya ziwa hapa Kisumu Jumamosi mnajua naongelea nini. Klabu sitataja, promota sitataja, anasoma hapa na anajijua, na hapo ndipo kuna uchungu, huyu si mtu wa nje. Ni mwenzetu. Ni yule yule amekuwa akituma miksi zake hapa tunasikiza, tunamwambia hapa katikati ngoma zimegongana, anacheka, anarudi wiki inayofuata na nyingine imenyooka. Nilimwamini, ndio maana nilisambaza bango lake kwa grupu tatu na nikashawishi watu wa kazini waje. Saa hii hao watu wa kazini wananiita "Tekno". Jina limeshika mpaka mlinzi wa geti anatumia.

Bango lilisema tekno na hausi ya andagraundi, saa mbili usiku mpaka che, CDJ mbili (zile pleya za dijei za kuchomeka fleshi), miksa ya maana, saundi ya kupasua kifua. 500 ukilipa mapema, 700 mlangoni. Mimi nililipa 700 juu mshahara uliingia Ijumaa na bei ya mapema ilikuwa imeisha Alhamisi, hiyo najilaumu mwenyewe. Lakini kuna watu walitoka Kakamega, wawili wakatoka Eldoret na gari ya mmoja wao wakichanga mafuta, na kuna msee alitoka Nakuru. Nakuru jameni! Akalala gesti Kondele, na ni mimi nilimwambia ataenjoi.

Tunaingia saa tatu, kitu cha kwanza niliangalia ni chini, pale wufa, zile spika kubwa za besi, hukaa. Hakuna. Spika nne za inchi 12 zimesimama kwa stendi kama askari wa gwaride, halafu chini yake ni sakafu na kreti za soda. Nikamuendea fundi wa saundi, kijana mpole tu, nikamuuliza omera, yani ndugu, wufa ziko wapi. Akaniambia zimeenda matanga. Nikadhani ananichezea. Kumbe ni ukweli, mwenye vyombo alipata matanga huko Bondo wikendi hiyo hiyo, matanga ikalipa vizuri kuliko klabu, wufa zote zikapanda pikapu Ijumaa mchana. Yani marehemu wa Bondo alilala na besi, sisi wazima tukabaki na kelele za bati.

Na sina ubaya na matanga. Disko matanga, zile ngoma za kukesha msibani, ndiyo ilinifunza mimi besi, nikiwa mtoto tulikuwa tunasikia wufa kutoka kijiji cha pili tunatembea gizani tukifuata tu ule mtetemo, jenereta iko nyuma ya nyumba inanguruma, watu wanacheza mpaka jogoo anawika, machifu wanapiga marufuku na bado inarudi. Kama ni andagraundi, hiyo ndiyo andagraundi yetu, na hakuna mtu huko aliwahi kuniuzia tiketi ya kitu ambacho hakipo. Mwenye vyombo simlaumu hata kidogo, alienda penye pesa. Nalaumu promota ambaye alijua tangu Ijumaa mchana na bado Jumamosi jioni anaposti "saundi iko fiti, msikose".

Kuna msee mmoja kwa grupu alisema eti nalalamika sana, muziki ni muziki. Hapana bana. Tekno imesimama juu ya kiki, lile pigo zito la chini. Ile kiki ya TR-909, mashine ya ngoma ambayo Roland walitoa 1983 na mpaka leo watu wanaitumia ama wanaiiga, nguvu yake iko huko chini karibu na hezi 50, na spika ya inchi 12 kwa stendi, mahali hakuna ukuta, upepo wa ziwa unapuliza, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha huko chini. Kwa hivyo tulichosikia ni ta ta ta ta kama mtu anagonga sufuria. Fundi naye akiona watu hawasikii besi anaongeza volyumu, anaongeza tena, taa zinakuwa nyekundu zinabaki nyekundu. Ampu ikifika mwisho wake inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na cha kwanza kuungua ni twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu. Saa nne na nusu twita ya kushoto ilikuwa imeenda, ikabaki kukwaruza tu. Hapo bado dijei wa pili.

CDJ mbili za bango ni kontrola moja ndogo ya kuwekwa kwa meza ya plastiki, na feda ya kushoto, kile kitelezi cha sauti, ukiigusa sauti inapotea. Sasa huyu dada wa Kakamega, mnamjua, miksi zake ziko hapa, alikuwa ameuliza wiki mbili mapema kuna mashine gani ili apange fleshi zake. Akajibiwa na kidole gumba. Kidole gumba tu! Basi akajipanga vile mtu makini hujipanga, fleshi mbili, zote kwa fomati ya FAT32 juu CDJ za zamani hazisomi ile nyingine ya exFAT, ngoma zote amezipima, kyuu, alama za pa kuanzia, ameziweka, playlisti ya kwanza na ya dharura. Anafika anapata kontrola ambayo bila lapitopu ni mbao. Lapitopu iliyokuwepo ni ya dijei wa klabu, imejaa ngoma za kudaunlodi YouTube, moja iliingia na tangazo la benki katikati, naapa. Ikabidi akopi ngoma zake moja moja akiwa amepiga magoti nyuma ya meza, mimi namshikia tochi ya simu.

Na bado alicheza. Hapa ndipo mnielewe kwa nini nimekasirika hivi na sio tu juu ya 700. Alianza polepole, kama biti 124 kwa dakika, na dakika ya tano hivi akaingiza nyatiti, kile kinubi cha Waluo, ameirekodi mwenyewe kwa mzee mmoja huko Siaya, ameikata vipande akairudisha juu ya kiki. Nyuzi nane tu, gara (njuga) mguuni, na ile pete ya chuma ya kidole cha mguu inagonga fremu ya nyatiti, ukisikiza vizuri mtu mmoja anafanya kazi ya besi, kiki na hai-hati pamoja. Kwa zile spika za bati bado ilitoka. Watu walikuwa kama arobaini, waliacha simu. Mama mmoja wa jikoni alitoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni anatingisha bega. Msee wa Nakuru akanishika mkono hakusema kitu.

Hiyo ilikuwa dakika tisa hivi, nilikuwa narekodi.

Halafu mzee mmoja wa kaunta akapiga kelele, wekeni muziki ya Waafrika hiyo ni ya wazungu. Nyatiti iko hewani! Nilitaka kumwendea lakini nikakumbuka ni mzee. Ningemwambia hausi ilizaliwa Chicago kwa klabu ya watu weusi, Warehouse, Frankie Knuckles akiwa kwa deki kuanzia 1977, na tekno ni vijana watatu weusi waliosoma shule moja karibu na Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Na kama hiyo ni mbali, avuke tu hapa Busia aende Jinja, tamasha la Nyege Nyege lilianzia huko 2015, aone vile watu wanarukia singeli ya Dar, biti 200 kwa dakika na zaidi, hakuna mtu anauliza ni ya nani. Lakini mzee naye hakudanganywa na mtu, yeye huja hapo kila Jumamosi na hakuna aliyemwambia kuna nini. Promota hata hakuongea na kaunta.

Sasa bathdei. Saa tano kasoro, katikati ya seti, wahudumu wanatoka na chupa zenye cheche za moto, meza ya VIP kuna mtu anafikisha miaka sijui mingapi, meneja ananyakua maiki anasema "dijei hebu shusha hapo", na kabla dada ajibu dijei wa klabu ameshachomoa waya. Nyimbo ya bathdei. Halafu amapiano, halafu ohangla ya Waluo, halafu amapiano tena. Dada alicheza dakika 22 tu, nilihesabu kwa rekodi yangu. Napenda ohangla, nisieleweke vibaya, nikitaka ohangla najua pa kwenda na silipi 700.

Promota alikuwa wapi? Kwa meza ya VIP. Anakula keki.

Tukamwendea watu sita hivi, kwa heshima, tukamwambia omera hii si tuliyolipia. Akasema tuelewe, klabu ndiyo inaamua, yeye ni wa kuleta watu tu. Nikamuuliza pesa za mlango nani amechukua, akanyamaza. Akatuambia kila mtu atapewa soda moja. Soda! Na dada aliahidiwa 3,000, alipewa sahani ya chipsi na maneno eti ni eksposha, watu wamemjua. Nauli ya kurudi Kakamega tulichanga sisi pale nje kwa boda, mia mia. Kwa geti baunsa anatuuliza mbona mnatoka mapema.

Najua kuna wenye watasema sini ya Kisumu, yani jamii ya muziki huu, ni changa, tusiwakatishe watu moyo. Hiyo nimesikia tangu nihamie Manyatta. Nimebeba spika, nimekopesha kebo, nimekaa mlangoni kukata tiketi bila kulipwa, na nyinyi wa "niweke kwa list" kila wiki, nyinyi pia tutaongea siku nyingine. Lakini uchanga si uongo. Kama wufa zimeenda matanga sema wufa zimeenda matanga, tutahamisha siku, ama tutakuja na tutalipa 200 tukicheza kwa spika ya bluetuthi huko Dunga na bado tutafurahi, tushafanya hivyo.

Nataka vitu vitatu. 700 za kila aliyelipa mlangoni na 500 za waliolipa mapema, zirudi kwa M-Pesa ile ile zilitoka. 3,000 za dada, zote. Na ujumbe kwa grupu lile lile ulilonitoa, useme ilikuwaje, sio "asanteni kwa lavu" na picha ya keki.

NIMEONGEZA, saa tano usiku: ameniandikia inboksi. Anasema niondoe huu uzi kwanza ndio tuongee kama marafiki. Siondoi. Na kwa vile unasoma, kebo zangu mbili za RCA na ile fleshi nyeusi ya dada yenye stika ya samaki ngege zilibaki nyuma ya meza. Fleshi ndiyo iko na rekodi yote ya yule mzee wa Siaya na hana kopi nyingine. Iache kwa mama wa jikoni, nitaipitia kesho jioni nikitoka kazi.