Naombeni ushauri, imeili za kazini zinanimaliza
Wakuu habari zenu. Kila nikikaa niandike ripoti simu inatetemeka, imeili imeingia, naifungua mara moja tu, kushtuka nusu saa imekatika na ripoti iko pale pale aya ya pili. Nyingi wala hazinihusu, nimewekwa tu kwenye nakala, watu wanajibizana "sawa", "asante". Nimezima mlio, nikaishia kuchungulia mwenyewe kila dakika 5, bora hata ungelia. Nikajaribu kufungua saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri basi, bosi akaniuliza mbona kimya.

Sasa huo utaratibu namwambiaje bosi asinione mvivu? Na hizo za nakala naziwekaje ziende zenyewe folda nyingine, za bosi zibaki mbele?